Mkono wa Xavérine

Silvère alikwisha kuukanyaga mkono wa yule mwanamke mfupi ndipo akakumbuka kwamba mkono huo ulihitajika kuandika.

"Muzee Damascène," alisema, akiwasukuma wanawake wawili ndani ya kibanda cha fundi saa, "hawa wawili, kila moja iko nasema ndiye Xavérine. Mimi nataka moja tu. Wewe iko na sinyatiri yake, sahihi ya mukono yake. Angalia."

Nyuma yake vijana wake wanne wa chama cha siasa waliziba mlango, marungu mikononi. Rungu moja lilipigiliwa misumari, na kwenye misumari palikuwa na nywele.

Ilikuwa Februari ya mwaka 1994, na mtaa mzima wa Nyamirambo ulikuwa umefunga milango. Mdomo ulikuwa umemponza Xavérine. Jukwaani alicheza bibi kizee aliyepakwa majivu usoni, akimkejeli mkubwa wa chama hicho mpaka watu wakashika mbavu. Kwa majivu hayo, mtaani hakuna aliyeijua sura yake. Asubuhi hiyo vijana waliivunja nyumba yake, wakamkuta pamoja na Pudentienne, mwanamke aliyemshonea mavazi ya jukwaani. Walipouliza Xavérine ni nani, wote wawili walijibu, "Ni mimi." Walipigwa, wakajibu vilevile.

Damascène alikuwa mjane, na watu walimcheka. Mtu mzima, badala ya kuoa tena, anawaandikia waigizaji barua! Aliandika Bujumbura, Kinshasa, Dar es Salaam, akiomba sahihi, na posta ikamletea. Hata Xavérine, aliyekaa mwendo wa robo saa tu kutoka kibandani, alimwandikia kwa posta, maana kumbishia mtu hodi ili umwombe sahihi aliona ni utoto. Kila sahihi aliipima kwa kioo chake cha saa: wino umezama wapi, kalamu imepumzika wapi. Za uongo alikokea moto wa chai.

Za Xavérine alikuwa nazo kumi na moja, na hata siku moja hakuzitilia shaka. Moja ilikuja na barua ndefu alipofiwa na mkewe. Aliisoma mpaka mikunjo ikakatika, kisha akapanda juu ya stuli akaifungua kamba aliyokuwa ameshaifunga kwenye boriti. Barua nyingine ilisimulia kazi: "Kila jioni Pudentienne hunisomea maneno ya mchezo, nami nayashika kichwani." Damascène alitabasamu aliposoma hayo. Kusomewa, aliwaza, huo ndio ukubwa.

Silvère aliburuta jalada la barua kutoka kwenye rafu, akalimwaga mezani. "Andikeni."

Mwanamke mrefu aliandika kwanza, damu ya pua ikidondokea karatasi. Mfupi alishika kalamu kwa ngumi, vidole vimevimba, akachora mistari miwili iliyopishana, na mkia.

"Ni mimi, baba," alisema. "Mwacheni huyu aende."

"Anadanganya," alisema mrefu. "Ni mimi."

Damascène alitia kioo jichoni. Wala hakukihitaji. Ile ndoano ya herufi ya kwanza, ile nukta inayobonyea mpaka upande wa pili wa karatasi: mwanamke mrefu alikuwa na mkono uleule ulioandika "vumilia, kaka yangu." Alifurahi, akaogopa, yote kwa mpigo mmoja. Xavérine wake alikuwa amesimama hatua mbili mbele yake, na neno moja la kweli lingemuua. Neno moja la uongo lingemuua yule mwingine, mshona nguo asiye na kosa lolote. Damascène alilijua hilo vizuri. Akachagua.

"Huyu mrefu ni mwongo," alisema.

Silvère aliweka karatasi kando ya barua. Akamkamata fundi shingo. "Muzee, unanichezea? Hii na hii iko sawasawa!"

"Ndiyo maana," Damascène alisema, akitafuta pumzi. "Hakuna mtu anayetia sahihi mara mbili zikafanana hivi. Ukiona zinafanana hivi, jua mtu amekaa akajifunza kuiga. Sasa mtazame huyu mfupi. Mkono umevunjika, ameandika alivyoweza. Mwenye jina hajali sahihi yake inatokaje."

Miaka yote aliyotafuta ukweli ilimsaidia siku hiyo kusema uongo mmoja safi.

Silvère alikuna kidevu. Alikuwa fundi wa magari, na fundi humheshimu fundi. "Mtoeni mfupi," alisema.

Mwanamke mrefu alipiga ukelele, akamrukia Silvère. Rungu likamlaza sakafuni. Yule mfupi hakupinga. Alijitanda kanga vizuri kichwani, akatoka mwenyewe. Walimfikisha kwenye mtaro mbele ya kibanda. Damascène, ameishika meza kwa mikono miwili, alisikia pigo la kwanza na kilio chake. Pigo la tatu lilikimaliza kilio, lakini hawakuacha. Walipochoka walipangusa marungu kwenye majani ya mtaro, wakateremka kuelekea Kimisagara wakiimba.

Damascène alipiga magoti kando ya mwanamke aliyebaki, akamfuta damu kwa kitambaa cha kufutia saa. Alikuwa akilia bila kujizuia.

"Xavérine, dada yangu," alisema, "barua yako iliniokoa. Leo nami nimekuokoa."

Mwanamke alijiinua kwa viwiko. Alitazama barua zilizotapakaa, kisha mlango uliokuwa wazi, na mtaro.

"Hizi zote niliandika mimi, Pudentienne," alisema. "Xavérine hakujua kuandika hata jina lake."