Mara ya Tano

"Mikono kifuani, Bibi Verna. Ukisimama mara tano bila kushikwa, kesho unarudi nyumbani kwako. Ukishindwa, unabaki hapa makaoni na wazee wenzako," muuguzi akasema.

Verna akasimama, akaketi. Tangu amzike mumewe, miaka miwili sasa, bintiye alimletea kila kitu kitini, hata kahawa. "Kaa tu, Mama, nipo."

Mara ya nne magoti yalilia kama bawaba kavu.

"Usinitolee macho hivyo, bado sijafa," akamtania bintiye aliyesimama kando ya kiti.

Mara ya tano makalio yakaachana na kiti. Mapaja yalitetemeka, kisigino kikateleza kidogo, lakini alikuwa anainuka, anainuka kweli.

"Mama!" Bintiye akaruka, akamdaka kiwiko.

Muuguzi akaacha kuhesabu.

Verna akautazama ule mkono, kisha akaketi taratibu.