Ubao wa Katani

Kwa miaka mitatu Mwanaisha alichunguza gamba la chaza, jinsi tabaka zake zilivyolalia­na likawa jepesi na bado gumu kupasuka. Akaiga mpangilio huo kwa nyuzi za katani na gundi, akapata ubao ambao hata mtoto angeubeba. Alikusudia utumike kuezekea nyumba.

Asubuhi hiyo mkuu wa karakana, Bwana Shekuwe, aliingia akicheka.

"Dada, tumepata mteja. Gereza linataka milango mia mbili."

"Gereza gani?"

"Si ndilo hili letu hapa mjini!"

Hamduni, mdogo wake Mwanaisha, alikuwa amefungwa humo, mwaka wa saba sasa. Mkuu hakujua. Alimkabidhi nyundo.

"Piga ubao mara tatu kuupima, kisha utie sahihi mkataba."

Pigo la kwanza lilidunda. La pili, aliomba moyoni ubao upasuke. La tatu alipiga kwa nguvu zake zote mpaka akaguna, lakini hata ufa haukutokea. Wenzake wakapiga makofi.

"Hongera, dada! Hapo hatoki mtu."

Bwana Shekuwe akamnyooshea kalamu. Mwanaisha hakuipokea. Alikuwa ameweka kiganja juu ya ubao, akiusikia bado unatetema, kama vile kuna mtu anagonga upande wa pili.