Nauli ya Kwenda Kaburini

"Elfu nane!" Kiboko alifoka. "Mliniambia nivushe nyumbu elfu nane, sarafu moja kila kichwa. Ukoo wangu mzima umeacha malisho kuwangojea. Leo mmefika elfu tatu, tena mifuko mitupu!"

"Tuwie radhi, mzee," alisema Jemadari Nyumbu. "Tunakwenda kulikomboa Kaburi la Babu mikononi mwa pundamilia. Ni safari takatifu."

"Huo utakatifu kuleni wenyewe. Mimi nataka nauli." Kiboko akaelekeza pua kwenye kisiwa kilichokuwa katikati ya mto. "Swala wale wana mali. Kaichukueni."

"Swala? Wale ni ndugu zetu, mzee! Babu yetu ndiye babu yao."

"Basi rudini kwenu mkachekwe."

Nyumbu waliogopa kuchekwa kuliko walivyoogopa dhambi. Wakavushwa hadi kisiwani. Swala walipoziona bendera za Babu, walifungua lango wenyewe, wakawaletea wageni maji ya kunywa. Kufikia jioni nusu ya mji ilikuwa majivu. Kiboko akahesabu sarafu zake elfu nane, akaridhika, akazama. Nyumbu wakagawana nyumba zilizosalia, na Kaburi hakuna aliyelitaja tena.

Swala mmoja jike akamfuata Jemadari mlangoni.

"Nasikia mmelipa deni la watu."

"Lote, dada. Sisi si wadhulumaji."

"Lango nilifungua mimi. Nilikuwa na watoto wawili."

"Pole sana, dada. Vita ndivyo vilivyo."

"Sikuja kupewa pole. Nipe wanangu."