Kitindamimba wa Mama Blia

Chue Xiong ndiye aliyelia, na hilo lilimuudhi Pahoua zaidi.

"Machozi ya nini tena, kaka?" alimuuliza, akimsukumia boksi la tishu. "Si mambo umeyataka mwenyewe?"

"Mimi?" alisema Chue, kilio kikamzidi.

Pahoua alikuwa mshauri wa familia za Wahmong, wakimbizi kutoka milima ya Laos, pale St. Paul, Marekani. Naye ni wa ukoo wa Xiong, kwa hiyo Chue alikuwa kaka yake kwa desturi, na dada ana ruhusa ya kumsema kaka yake. Mezani palikuwa na fomu ya kupanga chumba kimoja, mtaa wa pili. Isipotiwa sahihi kabla ya saa sita, mwenye chumba angempa mtu mwingine. Saa tano na nusu ilishapita. Mama Blia, mama mzazi wa Chue, mjane wa miaka sabini, alikuwa ameiegemea fomu kwa kiwiko, anadarizi kwa uzi mwekundu kana kwamba yuko sebuleni kwake.

Pahoua alimpenda mno mama huyu. Tangu wafike Marekani, Chue ndiye aliyemsemea kila mahali, dukani hadi kwa daktari. Basi kwa miezi minane Pahoua alimfundisha mama kupanda basi, kupokea simu na kujaza makaratasi mwenyewe. Sasa ilimchoma kuona masomo yale yamegeuzwa kisingizio cha kumtupa. Kwa Wahmong, mtoto wa mwisho wa kiume hatengani na wazazi mpaka awazike. Na huyu, miaka thelathini na sita, shati limepigwa pasi hadi kola, hana hata aibu!

"Kitindamimba mzima!" alimfokea. "Ukoo utasemaje?"

"Hicho ndicho kinachoninyima usingizi," alisema Chue, akifuta pua.

"Watasema wee, watachoka," alisema Mama Blia bila kuinua macho.

"Mama mkubwa, usimtetee! Huko chumbani nani atapika? Nani atawasha hita baridi ikizidi?"

"Kweli kabisa," Chue aliitikia kwa unyonge. "Nani?"

Pahoua alitikisa kichwa kwa unafiki ule.

"Mtu huzoea," alisema mama. "Mimi nilivuka mto Mekong na huyu mgongoni, ananikojolea njia nzima. Nikazoea."

Alicheka peke yake. Pahoua hakuona cha kuchekesha. Aliinuka, akazunguka meza, akamshika mama bega.

"Mama mkubwa, hakuna wa kukutoa nyumbani kwako wakati mimi nipo. Sema neno moja tu, fomu hii naichana sasa hivi."

"Ichane, dada!" Chue aliruka kitini. "Ichane, nakuomba!"

Pahoua alimtazama asielewe.

Mama Blia aliukata uzi kwa meno. Akaitoa fomu chini ya kiwiko, akaisukuma taratibu hadi mbele ya mwanawe, na kalamu juu yake.

"Andika jina lako hapo, mwanangu," alisema kwa upole. "Kwangu nimeshabadilisha kufuli."