Shingo ya Kaka

Katika mgahawa wa Waswahili huko Xiaobei, nchini China, Safia alikuwa akitazama filamu ya Australia. Polisi walidai kijana wa Kiaborijini aliteleza akafia mahabusu. Mama yake akafunua shuka, akaona shingo ya mwanawe ina michubuko.

Safia akasukuma sahani. Asubuhi hiyo ami yake alikuwa amempigia kutoka nyumbani: polisi wanasema kaka yake Safia ameteleza, amefia mahabusu.

Akapiga simu.

"Ami, mmeshamwosha?"

"Ndiyo kwanza tunaanza, mwanangu."

"Tazama shingo."

Maji yaliacha kumiminika.

"Ina alama," ami alinong'ona. "Vidole vinne upande huu, gumba upande ule. Lakini maiti haicheleweshwi, Safia. Tumwachie Mungu."

Safia akainuka mezani.

"Roho nimemwachia Mungu. Mwili ni ushahidi. Msimzike!"