Taa ya Kuvukia Mto

"Weka chini hiyo," Ravna alisema, na kabla Heaika hajaiweka akamnyang'anya. "Taa gani hii? Ya kutafutia sindano chini ya kitanda."

Heaika alicheka. Alikuwa amekuja kununua taa ya kufunga kwenye helmeti, aendeshe pikipiki yake ya theluji gizani mpaka waliko kulungu wake wa kufuga, ng'ambo ya mto. Alitaka taa ndogo, ya njano, yenye mwanga wa kumulika chini tu. Duka kijijini lilikuwa moja tu, na mwenyewe alikuwa Ravna, mjane ambaye kila mtu alimwita shangazi, na ambaye siku hiyo hakutulia hata kidogo. Alifuta kaunta iliyokwisha kufutwa. Alikwenda dirishani, akachungulia, akarudi. Nje hapakuwa na cha kuchungulia. Ulikuwa mchana, lakini jua la huku kaskazini likishaaga Novemba halirudi hadi mwaka mpya, na watu hufanya kazi zao gizani bila kunung'unika sana.

"Kulungu hawapendi mwanga mkali, shangazi. Ukiwamulika wanatawanyika, kuwakusanya ni kazi ya siku nzima."

"Unanifundisha mimi? Nimefuga kabla hujaota ndevu."

Alifuga kweli. Mumewe alipokufa mifugo iliisha mmoja mmoja, na sasa alichobaki nacho ni duka na mwanawe Issat. Alimmiminia Heaika kahawa, akamsogezea sahani ya nyama iliyokaushwa, kama anavyosogezewa mgeni yeyote. Heaika akatumbukiza kipande kikombeni, akasubiri kilainike.

"Halafu si kulungu tu," alisema, akipunguza sauti ingawa walikuwa wawili tu dukani. "Nakwenda kumvizia mtu. Ndama wangu wanachinjwa."

Ravna aliacha kufuta.

"Juzi nimekuta theluji imekanyagwa, damu imeganda. Utumbo upo, kichwa kipo. Masikio hakuna. Kayakata mshenzi, kaondoka nayo."

Hilo halikuhitaji maelezo. Kila ukoo wa wafugaji huwakata ndama wake masikio kwa alama yake, na ndama asiye na masikio hana mwenyewe. Polisi watakuja, watapiga picha, watakunywa kahawa, watarudi zao.

"Akiendelea hivi mpaka masika, nimekwisha," Heaika alisema. "Nitauza waliobaki, nikaoshe sakafu kwenye kiwanda cha samaki. Na Berit je? Kiangazi kilichopita ndiyo kwanza binti yangu kamkata ndama wake wa kwanza alama. Nimwambie nini?"

"Nyama hii imekauka mno, itakuvunja meno," Ravna alisema, akaichukua sahani na kuipeleka nyuma.

Aliporudi alikuwa na taa nyingine, kubwa kama ngumi. Heaika aliiwasha, akaizima haraka, machozi yakimtoka.

"Shangazi! Kwa hii hata walioko mwezini wataniona. Mwizi naye ana macho."

"Na mto una mdomo. Umemsahau kaka yako? Alikuwa na taa kama hiyo unayoitaka. Alipouona ufa wa barafu, ulikuwa umeshafika chini yake."

Yalikuwa maneno ya kikatili, na Ravna alijua. Aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kuigiza. Heaika aliiona, akashindwa kumkasirikia.

"Basi niende na Issat. Tukiwa wawili, mmoja ataangalia barafu."

"Issat ana homa. Amelala."

Akamshika mkono, akamvuta hadi nje, kwenye baridi, bila hata kuvaa kofia. Aliwasha taa kubwa akaielekeza mtoni. Mwanga uliruka mto mzima ukagonga miti ya ng'ambo, na katikati, pale maji yanapokwenda mbio na barafu haikazi, likaonekana doa jeusi. Kisha akawasha ile ndogo. Mtoni pakawa giza tu, pote sawa, na doa halikuonekana tena.

Heaika alilitazama giza lile kwa muda. Alikuwa akimfikiria Berit, na kaka yake, na Berit tena.

"Haya," alisema. "Nipe kubwa."

Waliporudi ndani, Ravna aliifunga kwenye helmeti kwa mikono yake mwenyewe, akakaza skrubu kwa bisibisi, akapitisha waya shingoni mwa Heaika na kumwekea betri kifuani, ndani ya koti, baridi isiinyonye. Akamfungia vifungo mpaka kidevuni.

"Usiizime. Sikia, Heaika. Hata ukishavuka, hata ukipanda mlima, usiizime mpaka ufike. Kule juu nako kuna makorongo."

"Na mwizi?"

"Mwizi utampata siku nyingine. Niahidi."

"Nimeahidi." Heaika akavaa glavu. "Tangu mama afariki, shangazi, hakuna mtu aliyenihangaikia hivi."

Ravna aligeuka, akajifanya anapanga makopo.

Pikipiki ilinguruma, ikaondoka. Alisimama dirishani akiufuata ule mwanga. Ulishuka ukingoni, ukalizunguka doa jeusi kwa mbali, ukavuka salama, na Ravna akashusha pumzi, maana hakumtakia Heaika kifo hata siku moja. Kisha mwanga ukaanza kupanda mlima, mweupe, haufichiki. Hapo akachukua simu.

"Issat, mwanangu," alisema, "tazama huku mtoni. Unauona? Ndiye huyo anakuja. Nyama iache. Beba masikio."