Folda Isiyokuwepo

Kompyuta ilisema zimebaki saa mbili. Baada ya dakika kumi ikasema zimebaki siku tatu. Kwa mwendo huo, Tsuma alikadiria, faili za kiwanda zingeifikia mashine mpya, iliyokuwa hatua sita tu kutoka ile ya zamani, wakati mashine mpya nayo imeshazeeka.

"Ndivyo ilivyo tangu Jumatatu," alisema Philister, karani wa ofisi. "Kiwanda kizima kinajua. Hata wapishi wa kantini wanajua. Ila wewe fundi una maajabu yako. Tuliambiwa saa sita, umefika saa nne. Hapa Changamwe hatujazoea."

"Twajitahidi, dada," alisema Tsuma, akafungua mkoba wake.

Kiwanda kilitengeneza ndoo za plastiki, na kumbe kilijaa wataalamu wa kompyuta. Mmoja alikuwa ameshauri mashine izimwe na kuwashwa. Ikazimwa na kuwashwa mara kumi na nne. Mwingine alisema ni joto, ikaletewa feni. Meneja, Bwana Morgan, naye hakubaki nyuma: aliigombeza kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote. Mashine haikujirekebisha.

Tsuma hakuigombeza. Alitaka kujua kwanza kama ubovu uko kwenye mashine au njiani. Alichomeka diski yake ndogo kwenye mashine ya zamani, akanakili barua moja. Ikapita kufumba na kufumbua. Basi mashine ilikuwa nzima, njia ndiyo mbovu. Akapiga magoti, akaufuata waya wa mtandao nyuma ya kabati, chini ya zulia, mpaka ndani ya chumba cha meneja, ambaye alikuwa ametoka. Hapo, chini ya gurudumu la kiti kikubwa cha ngozi, waya ulikuwa umebanwa ukawa bapa kama chapati.

Kwa siku nne Bwana Morgan alikuwa akiulalamikia mtandao huku ameukalia.

"Utamwambia?" Philister aliuliza.

"Mwambie wewe, dada."

"Mimi? Mimi bado naipenda kazi yangu."

Tsuma akabadilisha waya, akaupitisha mbali na kiti. Zile siku tatu zikawa dakika ishirini na tano. Philister alipiga makofi, kisha akaangalia mlangoni kama kuna aliyemsikia akifurahi saa za kazi.

"Kabla hazijahama zote, nachukua akiba ya zile nzito," Tsuma alisema. Akateremka kwenye orodha ya folda taratibu mpaka akafika kwenye moja iliyoandikwa *Mtambo Na. 4 – Ukaguzi*. Akaianzisha kwenda kwenye diski yake. Ilikuwa nzito kweli, na tundu la kuchomekea diski kwenye mashine ile lilikuwa la zamani. Dakika nane.

Philister aliiona, akashusha sauti. "Hiyo ni ya mtambo uliomkata mwenzetu mkono. Kesi ni Alhamisi ijayo. Bosi ameshaapa kortini kwamba mtambo ule haukuwahi kuonekana na hitilafu. Eti ripoti ya ukaguzi haipo, wala haijawahi kuandikwa."

"Kwa kitu ambacho hakijaandikwa, kina gigabaiti nne," alisema Tsuma.

"Picha hizo. Mkaguzi alipiga picha kila msumari." Philister akatazama vidole vyake mwenyewe. "Alikuwa mcheshi, yule dada aliyekatwa mkono. Siku hizi hata sijui anaishije."

Tsuma alikuwa ameinama chini ya meza, akikaza waya uliokuwa umeshakazwa.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Morgan aliingia, akasimama nyuma yake, akasoma kioo. Uso ukambadilika.

"Hiyo folda inafanya nini hapo? Hiyo haiko."

"Naiona hapa, bosi."

"Nimesema haiko. Ifute. Saa hii, nikiona."

Tsuma akatupia jicho kioo. Mstari wa kijani ulikuwa umefika asilimia sabini na moja.

"Ndiyo, bosi. Lakini ukiikatiza katikati, mashine itaganda tena, na itabidi tuanze upya kesho. Iache imalizie, kisha naifuta mbele ya macho yako."

Morgan alifikiri. Neno "kesho" halikumpendeza. Akakunja mikono akangoja, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kiwanda kile, meneja aliingojea kompyuta bila kuitukana. Themanini. Tisini na mbili. Kwenye tisini na tisa ikasimama, kama zifanyavyo zote, na wote watatu wakazuia pumzi, kila mmoja kwa sababu zake.

Ikamaliza. Tsuma akaifuta folda kwenye mashine ya zamani, akamwaga na pipa lake la taka, akaonyesha mahali palipokuwa tupu. Morgan akampigapiga begani.

"Sasa huyu ndiye fundi," akamwambia Philister. "Anasikia akiambiwa."

Tsuma alisubiri mpaka faili zilizobaki zikahama zote, maana hakupenda kuacha kazi nusu. Akachomoa diski, akaaga kwa heshima, akateremka.

Langoni alimkuta mwanamume mwenye mkoba kama wake, akimweleza askari kwamba yeye ndiye fundi wa kompyuta aliyeitwa kwa saa sita.

"Pita tu, ndugu yangu," Tsuma akamwambia. "Mtandao wao ushatengemaa."

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya malori ya mafuta, mkewe Mbeyu alikuwa akimngoja. Alinyoosha mkono kuipokea diski, mkono wa kushoto, kwa kuwa ndio aliokuwa nao.